Swingi Yako, Perisi

Perisi mwanangu,

Habari za chandarua, za kuchemsha maji, na za kumwamkia Mama Teodora huko Morogoro kabla hujatua mzigo, mama yako amekwisha kukupa. Namsikia tangu juzi na sina la kuongeza. Mambo hayo hata ukiyasahau yatajikumbusha yenyewe. Mimi nina jambo jingine. Miezi yote hii nimeshindwa kulisema kwa mdomo, kila nikikohoa nianze wewe unaniuliza kama nataka maji. Basi naliandika.

Sasa ni saa kumi na nusu. Umekwenda kuagana na wanakwaya wenzako, mama yako yuko jikoni, nami nimekaa uani na daftari juu ya goti. Mwandiko huu utauvumilia. Mkono wangu umezoea spana.

Nianzie mbali kidogo. Unajua kwamba kabla sijawa fundi bomba nilikuwa mkata nyasi pale uwanja wa gofu. Nilitoka Hombolo nina miaka kumi na tisa, nikapewa fyekeo na kuonyeshwa eneo langu. Uwanja wenyewe haukuwa na majani mabichi penye mashimo, maana maji ya mji huu wa Dodoma hayakuwatosha watu, sembuse nyasi. Penye shimo palikuwa na duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu, tukaliita brauni, na kazi yangu nyingine ilikuwa kulisawazisha kwa ubao kila kundi linapopita. Niliwaona wakubwa wa maofisi wanakunja uso na kutokwa jasho juu ya kimpira kisichozidi limau. Nikawa nacheka moyoni.

Jumatatu moja uwanja ulikuwa hauna wenyewe, na msimamizi wetu akaturuhusu kujaribu. Nikaishika fimbo kama ninavyoshika fyekeo, nikazungusha. Perisi, mkono haukusikia kitu. Mpira ulipaa, ukaenda, ukaenda, nikabaki nimesimama kama niliyeitwa na mtu nisiyemwona. Wenzangu wakasema, "Elia, rudia!" Nikarudia, mpira ukabingirika hatua tatu kwenye vumbi. Tangu siku ile mimi ni mtu wa kuitafuta swingi ile ya kwanza, ule mzunguko wa fimbo.

Na sikuitafuta mahali nilipoiacha. Nilijiambia kwamba mkata nyasi hawezi kujua, wanaojua ni wenyewe. Nikaokota karatasi iliyochanwa kwenye kitabu cha gofu, ina picha sita za Mzungu mmoja: amesimama, amerudisha fimbo, ameipandisha, ameishusha, amepiga, amemaliza. Nikaibandika ukutani chumbani kwangu na kila jioni nikawa najipanga kama yeye. Picha ya kwanza, nasimama. Picha ya pili, nasimama. Nilipokwisha kujifunza, swingi yangu ilikuwa kama bomba lililoungwa mahali sita, na kila kiungo kinavuja. Nilicheza hivyo miaka mingi, hata baada ya kuajiriwa fundi bomba na shirika la umma lililokuwa na uwanja ule, kila Jumatatu waliyoturuhusu wafanyakazi. Sikuwahi kuwa mchezaji mzuri. Nilikuwa mtu anayejua picha sita.

Halafu ukaja wewe.

Ulikuwa na miaka kumi. Nilirudi kutoka kazini na mkoba wangu, nikakukuta njia ya chooni una kijiti kilichopinda umekichomoa kwenye kuni za mama yako, na mbele yako umepanga ndulele, zile za njano zilizokauka kidogo. Ulikuwa unaimba wimbo wa shuleni huku unazipiga. Hukuwa unaangalia miguu wala mabega. Moja ikaenda, ya pili ikaifuata, ya tatu, zote zikapasukia ukutani mahali pamoja. Mama yako alikuwa analalamika kwamba umemchafulia ukuta. Mimi sikumsikia. Nilikuwa nimeiona swingi yangu ya Jumatatu ile, iko kwa mtoto wa kike wa darasa la tatu.

Mwanangu, nilifurahi mpaka nikaogopa. Ndiyo kosa langu kubwa lilipoanzia, kwenye furaha. Nilitafuta fimbo kuukuu ya chuma namba saba, nikaikata kwa msumeno itoshe urefu wako. Nikatundika blanketi kwenye kamba ya kuanikia ili mipira isipotee. Na ile karatasi ya picha sita, iliyokuwa imelala sandukuni, nikaitoa nikaibandika ukutani nyuma ya jiko.

Unayakumbuka yaliyofuata kuliko mimi. Nilikusimamisha mgongo ukutani ili usiyumbe. Nilikufunga viwiko kwa kanga ya mama yako visitengane. Niliweka tofali nyuma ya kisigino. "Simama. Rudisha. Shusha bega. Kichwa kisinyanyuke." Nawe, "Sawa, baba." Mipira mia kila jioni kwenye blanketi, na nilikuwa nakatiza hata ile uliyoipiga vizuri, kwa kuwa haikufanana na picha. Uliacha kuimba. Niliona umeacha, nikadhani ndiyo umakini.

Siku ya mashindano ya watoto wa wanachama na wafanyakazi ulikuwa na miaka kumi na minne. Mama yako alikufulia soksi nyeupe. Ilipofika zamu yako, ukapandisha fimbo, ukaisimamisha juu kabisa, kama picha ya tatu. Ukaganda pale. Ulipoishusha ikaparuza mpira kwa juu, nao mpira ukajikokota mpaka kwenye majani. Sikuweza kujizuia. Nilipiga kelele toka nyuma ya kamba, "Bega! Nimekuambia bega mara ngapi?" Watu wakageuka. Mpira wa pili hukuugusa kabisa. Ndipo nilipolisema lile neno. Nililisema kwa sauti ya kawaida, na hilo ndilo lililolifanya liwe baya zaidi.

"Unanitia aibu."

Uliilaza fimbo chini taratibu, ukaenda nyumbani kwa miguu, ukavuka reli na soksi zako nyeupe. Nilibaki uwanjani nikizungumza na watu, najifanya hakuna kitu. Niliporudi jioni ulikuwa unaosha vyombo. Ukainuka, ukafuta mikono, ukasema, "Shikamoo, baba," kama mtu ambaye hajaniona siku hiyo. Nikaitika marahaba. Nimeamkiwa na watu wengi, Perisi, lakini shikamoo ile bado iko masikioni.

Hukuigusa fimbo mwaka mzima na zaidi. Nilimwambia mama yako, "Mtoto huyu ana kiburi." Alikuwa anapepeta uwele. Hakuacha kupepeta.

"Hana kiburi, Baba Perisi. Ana ile aibu uliyompa. Hajapata pa kuitua."

Nikavaa viatu. Sikuwa mtu wa kujibu, nilikuwa mtu wa kutoka nje.

Kisha ikaja ile karatasi kwenye ubao wa matangazo pale shirikani. Miaka ile maduka ya mjini yalikuwa yamejaa vitu ambavyo zamani tulivipangia foleni, sabuni za kila rangi, kandambili, redio za kaseti, na watu wakawa wanasema mambo yamefunguka. Sisi yalitufungukia mlango wa kutokea. Shirika lilikuwa linatafutiwa mwenyewe mpya, na mwenyewe mpya hakutaka mafundi bomba saba. Nilisoma jina langu kwenye karatasi hiyo mara mbili, nikaenda kuchukua kikombe changu cha chai na koti la kazi.

Ndipo nilipojua kwa mara ya kwanza nyumba yangu inafanya nini saa nne asubuhi. Nilikuwa nazunguka humu kama mgeni asiyeonyeshwa pa kukaa. Siku nyingine nilitoka alfajiri kutafuta vibarua, na wakati wa likizo yako moja nilikwenda Bahi, nilisikia kuna pampu za mashamba ya mpunga zinahitaji fundi. Nikakuta fundi amekwisha kupatikana. Nikarudi mapema kuliko nilivyoaga. Nilipokaribia nyumba nikasikia mlio nyuma, upepo unakatwa, kisha kitu kinagonga blanketi. Miguu ilinisimama yenyewe. Nilizunguka upande wa choo, nikachungulia kwenye uwazi wa ua wa mabua.

Ulikuwa unapiga. Mama yako amekaa juu ya kinu, anabangua karanga, hata hakutazami sana.

"Tena," akasema.

Ukapiga.

"Hiyo umeipenda?"

"Hapana."

"Haya, tena."

Ukapiga nyingine. Akauliza vilevile, "Hiyo umeipenda?" Ukafikiri kidogo. "Hiyo kidogo." "Basi kunywa maji."

Mama yako hajawahi kushika fimbo ya gofu maisha yake yote. Hajui picha ya kwanza wala ya sita. Nilisimama pale mpaka mguu ukafa ganzi. Niliona kwamba mara nyingine unafumba macho kabla ya kupiga. Baadaye sana nilikuuliza kwa nini, ukanijibu bila ubaya wowote, "Nilikuwa nazifuta zile picha, baba." Siku ile sikujua. Nilijua tu kwamba nikiingia, kitu kile kitakufa mbele yangu. Kwa hiyo sikuingia. Nilirudi mpaka barabarani, nikapita mlango wa mbele nikikohoa kwa nguvu, ili mpate muda wa kuficha blanketi. Katika mwaka ule wote sikumbuki jambo jingine nililolifanya sawasawa.

Barua ya Mama Teodora... hapana, nisiruke. Kulikuwa na habari ya mgongo wangu kwanza.

Nilipoanza kazi ya ufundi wa mtaani nilibeba bomba la chuma peke yangu, kwa ubishi, mgongo ukanisaliti. Wiki sita nililala chali. Nilipoinuka nilitaka kujaribu fimbo, nione kama bado mimi ni mimi. Alasiri moja ukanikuta uani nimeshika kiuno, nailaani fimbo kwa Kigogo. Ulisimama mbali. Ukasema, "Baba, naomba nikuambie kitu."

"Sema, mama."

"Usipige mpira. Fagia."

Nikadhani unanitania. Ukaniletea fagio la uani, lile lenye mpini mrefu, ukaniambia nifagie kutoka jikoni mpaka mlangoni, nihesabu moja nikirudisha, mbili nikipeleka, na nisikimbilie mbili. Wiki nzima nilifagia. Majirani wakamsifu mama yako kwa mume. Wiki iliyofuata ukanipa fyekeo langu la zamani, nikakata majani makavu nje ya ua, vilevile, moja, mbili. Kisha fimbo bila mpira. Kisha ndulele. Hukunigusa kiwiko wala kunisimamisha ukutani. Siku moja nikashindwa kuvumilia, nikakuuliza, "Bega langu likoje?"

Ukasema, "Sijaliangalia, baba. Naangalia kama unapumua."

Nilikuwa sipumui. Tangu ujana wangu, kila nilipopandisha fimbo nilibana pumzi, kama mtu anayengoja kupigwa. Hakuna aliyewahi kuniambia, na ile karatasi ya Mzungu haikuwa na picha ya pumzi. Siku hiyo nikapumua, ndulele ikaenda. Nilikuona umegeuka upande usinionyeshe unavyotabasamu.

Alasiri zile ndizo zilizoniponya, si mgongo tu. Nakuambia hivyo ili uelewe kilichofuata, wala si kisingizio.

Mwaka wako wa kidato cha nne wanawake wa Morogoro walikuja kucheza hapa, na uwanja ukaruhusu mabinti wa mjini wajaribu nao. Ulicheza mashimo tisa. Mama Teodora, yule mwalimu mstaafu mwenye miwani, alikufuata mwisho akakushika mkono, akakuuliza unaishi wapi na baba yako ni nani. Ulirudi nyumbani unapaa. Ulituambia amesema ataandika.

Aliandika, Perisi.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu kupitia sanduku la posta la kanisa. Mchungaji alinipa mkononi. Ilikuwa kwangu mimi, mzazi wa Perisi. Alisema anawaandaa mabinti wanne kwenda kucheza nchi jirani, na kwamba ukimaliza mtihani anakutaka uende ukae kwake, atakutafutia kazi ndogo pale uwanja wao ili uwe unafanya mazoezi. Aliomba jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Na mwishoni aliweka mstari mmoja peke yake: "Tafadhali, mtu yeyote asiiguse swingi ya binti huyu."

Niliusoma mstari huo nimesimama kivulini mwa kanisa. Mtu mwenye akili angecheka. Mimi ulinichoma. Niliona kwamba mwanamke asiyenijua amenitazama toka Morogoro akanijua. Na chini ya machungu hayo kulikuwa na jambo jingine, dogo na la aibu zaidi: ukienda, nani atakaa na mimi alasiri? Sikuwa na kazi, sikuwa na cheo, sikuwa na hata ile Jumatatu ya wafanyakazi. Nilikuwa na fagio na wewe unayehesabu moja, mbili. Nikaikunja barua, nikaitia mfuko wa ndani wa koti la kazi, nikajiambia nitakuambia Jumapili. Jumapili ikapita.

Mwishoni mwa mwezi ule uliniuliza, "Baba, yule mama wa Morogoro hajaandika?"

Nikasema, "Bado."

Neno moja tu. Ukasema, "Labda amesahau," ukachukua ndoo ukaenda bombani. Ukamaliza mtihani, ukaenda kumsaidia shangazi yako kuuza mitumba sokoni Majengo. Niliona taratibu unaanza kuamini kwamba hukuwa mzuri kiasi hicho. Ulikuwa unapiga mara moja kwa wiki, kisha mara moja kwa mwezi. Niliyaona hayo kwa macho yangu na barua iko ndani ya koti lililotundikwa ukutani, hatua tano kutoka ulipokuwa unalala. Mwaka na miezi mitatu.

Mama yako ndiye aliyeikuta, baada ya Krismasi, alipotaka kumpa mjomba wako lile koti. Alisoma. Alinikuta naunganisha bomba la jirani hapo nje, akasimama mpaka nikainua uso.

"Hii ni nini, Baba Perisi?"

Nikaweka spana chini. Nikafuta mikono kwenye suruali.

"Nakuuliza ili useme mwenyewe. Kusoma najua."

Nikasema, "Niliogopa."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akasema, "Utamwambia wewe. Mimi sitamwambia, maana nikimwambia mimi atakupoteza. Lakini kwanza nenda Morogoro kwa miguu yako ukamwambie yule mama ulichomfanyia mtoto."

Nikaenda. Uliambiwa nimekwenda kutafuta vipuri. Nilimkuta Mama Teodora pale uwanjani kwao, chini ya ile milima, majani ni mabichi hata usingeamini. Nikamwamkia, nikamwambia mimi ni baba wa Perisi wa Dodoma, na kwamba barua yake niliificha. Nilikuwa nimejipangia maneno mengi ndani ya basi, yakabaki ndani ya basi.

Alivua miwani akaifuta. Akasema, "Wale mabinti walikwenda, wakarudi. Nafasi ile imekwisha, baba, siwezi kumrudishia. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Na bado anapiga?"

"Anapiga kidogo. Mimi ndiye niliyemvunja moyo."

Akavaa tena miwani. Kisha akanipa fimbo yake. "Piga nikuone."

Nikamwambia mimi ni mzee na mgongo wangu mbovu. Akasema hakuniuliza mgongo. Nikasimama, nikapumua, nikarudisha moja, nikapeleka mbili. Mpira ulikwenda mwanangu, haukwenda mbali, ila ulikwenda safi. Mama Teodora akautazama mpaka ulipotulia.

"Nani amekufundisha hii?"

"Binti yangu."

"Wapi?"

"Nyumbani. Kwa fagio."

Akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza. Akasema, "Kama amekufundisha wewe, na mambo yote uliyomfanyia, basi mtoto huyo atanifaa hata kwa kufundisha wenzake. Nitaandika tena. Safari hii barua itakuja kwa jina lake."

Hiyo ndiyo barua uliyoipokea wakati wa Kwaresima, uliyoisoma huku unazunguka uani, ukamkumbatia mama yako, ukanikumbatia na mimi. Ulisema, "Baba, hakunisahau!" Nikasema, "Hakukusahau." Mama yako alinitazama juu ya bega lako, kisha akaenda jikoni. Baadaye akaniambia, "Asiondoke hajajua." Nimengoja mpaka leo, siku ya mwisho aliyonipa, maana mimi ndivyo nilivyo.

Nilikuwa nimeandika hapa kwamba naomba unisamehe. Nimeufuta mstari huo. Mtu anayeombwa msamaha mkoba wake ukiwa mlangoni husema ndiyo ili apite. Sitaki nikuwekee mzigo wa kunijibu. Barua hii nitakupa mkononi leo kabla ya chakula, sitakupa kituoni kesho, ili kama una la kuniambia uniambie nikiwa hapa hapa, na kama bado halijawa tayari, uende nalo mpaka litakapokomaa. Hasira ikikujia ukiwa Morogoro, iandike, itume. Nitaisoma yote, na mama yako ataisoma pia, hatutaificha.

Kuhusu gofu yenyewe sina la kukufundisha. Nitasema tu nilichokiona. Kule utakutana na watu wenye picha zao ukutani, wengine wazuri, wenye nia njema kama niliyokuwa nayo. Wasikilize. Wengine watakuwa wanasema kweli. Ila mpira ukishaondoka, kabla hujawatazama usoni, jiulize mwenyewe kama umeipenda. Na utakapoanza kufundisha watoto, kama Mama Teodora alivyosema, siku utakapoona mtoto ameacha kuimba, mpe maji.

Nilidhani nimemaliza. Nimempa mama yako asome, maana nimemzoea kuwa hakimu wangu. Amesoma amesimama hapo mlangoni, mwiko mkononi. Amefuta macho, kisha amekasirika.

"Umeandika makosa tu," amesema. "Mtoto atadhani tulikuwa tunaishi kwenye nyumba ya makosa. Mwandikie ile habari ya yai."

Basi nakuandikia, kwa amri.

Ilikuwa wakati ule unanifundisha, mgongo wangu umeanza kunyooka. Jumamosi asubuhi nilikuomba unionyeshe na wewe mara moja, na mpira wa kweli, si ndulele. Tulikuwa tumebakiwa na mipira miwili tu. Ukapiga, mpira ukapita juu ya blanketi, ukapita juu ya ua wa mabua, tukasikia kitu kama kifuniko kimelia upande wa pili, kisha kimya. Tulitafuta asubuhi nzima. Mimi nilipanda juu ya pipa, wewe ukapita kwa magoti nje ya ua, mama yako akatucheka, akasema mpira umekwenda Singida.

Saa sita mchana tukasikia hodi. Mama Zuhura, jirani yetu, ameingia na ushungi wake umekaa sawasawa, ameshika sahani mikono miwili, imefunikwa kitambaa. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeleta msiba. Akatusalimu mmoja mmoja, akauliza hali ya mgongo wangu, akakaa kwenye kigoda. Kisha akafunua kitambaa. Mpira wetu ulikuwa katikati ya sahani, umegeuka rangi ya maharage.

"Jirani," akaniambia kwa upole, "hili yai lenu nimelichemsha na maharage yangu tangu asubuhi. Nimeongeza kuni mara mbili. Naona halitaki kuiva."

Mama yako alianza. Alikaa chini kabisa, kwenye vumbi, akajifunika uso kwa kanga. Mimi sikuwa nimecheka tangu siku ya ile karatasi ya shirika, na kicheko kilinitoka kwa maumivu, nikashika mgongo, nikaendelea. Nawe uliniegemea begani, Perisi. Ulikuwa hujaniegemea tangu ulipokuwa mdogo. Nilihisi kichwa chako kinatikisika kwa kucheka, nikatulia tuli, mgongo unauma, sikutaka kusogea hata kidogo.

Mama Zuhura alikuwa bado ameshika sahani. Akatutazama wote watatu, akauliza, "Sasa nani analila?"

Ukanyoosha kidole kwangu.

Ni mimi baba yako,
Elia